Mume Wangu Kaumwa na Popo, Hataki Mtu Ajue

Admin, usitaje jina langu wala la mume wangu, maana hapa tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nina watoto wawili, naishi Mocímboa da Praia. Tulikimbilia Pemba ya huku kwetu Msumbiji wakati wa vita, na tuliporudi tukaikuta nyumba yetu imesimama, ila darini wamejaa popo. Chumba cha mbele mume wangu alikifanya loja, anauza mchele, sukari na mafuta. Harufu ya mavi ya popo ikawa inawarudisha wateja mlangoni.

Wifi yangu, dada yake mkubwa anayeishi Diaca, alikuja kututembelea. Akatueleza walivyowatoa popo kwenye ghala alilofanyia kazi zamani. Tungoje kwanza watoto wao waweze kuruka. Halafu tuning'inize wavu mbele ya tundu wanalotokea, chini tuuache wazi: wakitoka jioni wanateleza nje, wakirudi hawaoni njia. Wakiisha wote ndipo tuzibe. "Ukiziba wakiwa ndani, watakushukia wewe," alimwambia mdogo wake. Mume wangu akaitikia vizuri kabisa.

Wifi alipoondoka tu, mume wangu akachanganya simenti akaziba mchana, popo wote wakiwa ndani. Nilimsihi asubiri. Akasema yeye hakufungua loja ili alee watoto wa popo.

Jamani, ile sauti. Walikwaruza mbao, vitoto vikilia kama vifaranga, nami napika chini yao. Kisha upande mmoja ukanyamaza, ukafuata mwingine. Harufu ikawa mbaya kuliko ya mwanzo. Waliobaki hai wakapata upenyo kwenye dari ya loja, wakamshukia mume wangu asubuhi anapima mchele. Alimkamata mmoja kwa mkono mtupu, popo akamng'ata kidole. Mteja alipouliza ile damu ya nini, akajibu kajikata na kopo.

Nilikwenda kwa enfermeira, muuguzi wa hapa kwetu, nikamuuliza kama vile namuulizia jirani. Aliniangalia sana. Akasema popo anaweza kuwa na ugonjwa kama wa mbwa mwenye kichaa. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi, na mtu achomwe sindano upesi, kabla hajaanza kuugua; na dalili ya kwanza huweza kuwa kuwasha palepale alipong'atwa, hata kidonda kikiwa kimefunga.

"Ukishaanza, mama, hatuna dawa."

Nilimfikishia mume wangu yote. Akasema watu wakisikia hakuna atakayenunua tena hata kibaba cha mchele kwetu, watasema nyumba ina majini. Nikamwambia basi nimpigie dada yake, maana ndiye pekee anayemsikiliza. Hakupandisha sauti.

"Ukimwambia dada, hesabu huna mume."

Na mtu huyu akisema neno, halirudishi. Namjua.

Kidonda kwa nje kimefunga. Anauza, anacheka na wateja, mtoto wetu mdogo anamlalia kifuani. Lakini leo ameniambia kidole kinamwasha kwa ndani, akasema ndiyo kupona huko. Mimi nilikuwa nammiminia chai, nikashindwa kumtazama usoni.

Ndugu zangu, ndoa hii naipenda. Nimpigie wifi nifukuzwe, au nitii nikae namwangalia? Mngekuwa mimi mngefanyaje? Anayejua aniandikie leo, asingoje kesho.