Swali la Mtihani wa Kapteni

Nilimwonea wivu kapteni yule kabla hata sijampima mabega. Alikuja kwenye kibanda changu cha ushonaji, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na kitambaa kizuri cha sare ya sherehe, akazungumza Kiswahili alichokiokota kwetu Kivu alipokuwa mlinda amani. Akaniambia anasoma chuo cha maofisa, na akifaulu atakuwa meja. Akifaulu! Neno hilo lilinichoma. Nami niliwahi kuwa ofisa, luteni niliyekisomea cheo changu, na nilimwambia hivyo ili asinidhanie fundi tu. Lakini kwetu kufaulu hakukumpandisha mtu. Kila mapatano na waasi yalipotiwa saini, wakubwa wa msituni waliingia jeshini na vyeo walivyojipa wenyewe, na mtu anayeshika ramani kichwa chini akawa mkuu wangu.

Nililipeleka koti nyumbani kwake mjini, mtaa wa Area 49. Alilivaa, akapapasa mabegani, akakunja uso. Nilikuwa nimeacha kitambaa cha ziada na nafasi pana ya kubandikia cheo, kama tulivyokuwa tukishonewa Bukavu, maana huko mtu hulala kapteni akaamka kanali na hana muda wa kurudi kwa fundi.

"Fundi, hii nafasi yote ni ya nini?"

Nilipomweleza alicheka hadi machozi. Katika jeshi la hapa, alisema, cheo hakiruki. Tena siku hizi masomo yamebadilishwa: sheria za vita zinafundishwa na mama mmoja raia, maofisa wote wanasimama akiingia, na asiyefaulu kwake hapandi, hata awe mtoto wa nani. Nilianza kupunguza mabega hapohapo, koti likiwa mwilini mwake, na nilitamani pini imchome kidogo.

Kisha akanisimulia, kwa furaha zake, swali lililompatia alama nyingi kuliko yote. Mkubwa wako anakuamuru uwapige risasi watu wa sokoni, eti waasi wamejificha kati yao. Unafanyaje?

"Na we ulijibu nini?" nilimuuliza.

"Nilisema nakataa, naandika ripoti, naipeleka kwa mwenye iko juu yake. Ule mama alisema njo jibu."

Amri hiyo mimi nilipewa kweli, nikiwa na vijana wangu, na soko lilikuwa limejaa akina mama wa dagaa na mihogo. Nilikataa. Ripoti sikuwa na wa kumwandikia, kwa kuwa mwenye kuwa juu ya mkubwa wangu alikuwa amesimama palepale akitusubiri. Waliniita mtoro, na mke wangu akabeba watoto tukakimbia na nguo za mwilini. Yeye kwa jibu lilelile anashonewa koti.

Kapteni akauliza kama kwetu nako swali lile hutolewa. Nikamwambia hutolewa.

"Na we ulipita?"

"Nilipita."

Akanipa mkono, ofisa kwa ofisa, akasema pongezi kabisa. Tangu siku ile ya sokoni hakuna mtu mwingine aliyewahi kunipongeza, na iliniuma kwamba wa kwanza amekuwa yeye.