Jinsi Chama cha Wapangaji Kilivyojifukuza

Nilipoolewa, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mume wangu alikuwa akifanya kazi ya barabara za serikali, na tukapanga chumba kimoja mjini Kitui, kwenye ploti ya vyumba vya mabati vilivyotazamana. Katikati palikuwa na uwanja wa kuanika nguo na mahindi, na mwisho wa uwanja palikuwa na choo kimoja, chetu sote. Mvua za mwaka ule zilipokwisha, choo kilikuwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa jirani. Aliyeingia alishika ukuta kwa mkono mmoja, na watoto tuliwakataza kabisa. Wakubwa tuliingia huku tukiomba.

Mwenye ploti alikuwa mzee Mwislamu mwenye duka karibu na soko. Babu yake alitoka pwani kwa biashara, akaoa Mkamba, akabaki. Yeye mwenyewe alizungumza Kikamba kama sisi, lakini akianza Kiswahili kilikuwa laini, chenye adabu nyingi, hata ukitoka dukani hujui kama umekubaliwa au umekataliwa. Kila mara tulipomtajia choo alisema, "Inshallah, kitatengenezwa," nasi tukarudi nyumbani kushika ukuta.

Ndipo wanaume wa ploti walipounda Chama cha Wapangaji. Mwenyekiti alikuwa seremala, mzee wa kanisa, mtu mrefu, mkavu, asiyejua kusema uongo wala kufanya mzaha. Alikuwa amekaa kwenye mabaraza mengi ya kanisa na akayapenda sana. Katika chama chetu hukusema neno bila kuinua mkono, na ukiinua mkono hukusema mpaka mwingine akuunge mkono. Katibu alikuwa fundi viatu, ambaye alizijua kanuni zote kwa kichwa na alipenda kuzitaja mtu akiwa katikati ya sentensi.

Zile zilikuwa siku za Hali ya Hatari. Kwetu hapakuwa na vita kama kwa majirani zetu wa milimani, lakini hata watu wachache hawakuweza kukusanyika bila kibali. Mwenyekiti alikwenda akakipata, kwa sharti kwamba askari wa chifu, aliyeitwa askari kanga, awe anahudhuria, asikilize kama tunazungumza siasa. Kwa hiyo kila kikao askari yule alikaa kwenye kigoda karibu na ukuta, rungu magotini, akatusikiliza tukibishana juu ya choo. Mwanzoni tulimwogopa. Baadaye nilimzoea, nikawa nampa chai.

Mwenyekiti alitumwa kwa mwenye ploti kupeleka madai rasmi. Alirudi na uso umekunjamana, akasema mzee ametudharau. Basi chama kikapitisha azimio: mpaka choo kichimbwe, hakuna mpangaji kumsemesha mwenye ploti, kumsaidia kazi, kuingia nyumbani kwake wala kula chakula chake. Kodi tu ndiyo iliyoachwa nje ya azimio, kwa sababu kila mtu aliogopa kutupiwa virago nje. Mikono yote iliinuliwa. Sisi wanawake tulitazama kutoka milangoni, maana mwanachama alikuwa yule aliyepanga chumba, na aliyepanga alikuwa mume. Mwanamke mmoja tu alikuwa mwanachama, naye ni mjane aliyeuza ugoro sokoni na kusuka viondo. Alipanga chumba chake mwenyewe, kwa hiyo hawakupata njia ya kumkataa. Mimi nilimwita mwaitu, kama ninavyomwita mama yangu.

Mwezi haukupita, mwenye ploti akaoza binti yake.

Lazima nieleze hali ilivyokuwa. Mvua zilikuwa zimekatika mapema, na kwa wiki nyingi tulikuwa tukila muthokoi asubuhi na jioni, mahindi yaliyotwangwa yakachemshwa na kunde, siku nyingine kunde hazikuwemo. Nyumba ya mwenye ploti ilikuwa nyuma ya ukuta wetu. Alfajiri walichinja fahali, na kabla ya jua kupanda, sufuria zilikuwa motoni. Harufu ya pilau ilipita juu ya ukuta ikaingia chumbani kwangu, ikakaa. Mume wangu alikuwa hana kazi siku ile. Alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Mwishowe akasema anakwenda kumwona mtu. Sikumwuliza mtu gani. Jioni alirudi taratibu, akasema hana njaa, na nilipomsogelea shati lake lilinukia karafuu na bizari nyembamba.

Mjane hakujificha. Alivaa leso mpya, akachukua kiondo alichokisuka kwa ajili ya bibi arusi, akavuka uwanja mbele ya macho ya mwenyekiti aliyekuwa akipiga randa kizingiti cha dirisha, akamsalimu, akaenda arusini kwa mlango wa mbele.

Mwenyekiti aliweka randa chini. Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, aliitisha kikao cha nidhamu.

Nilikaa mlangoni kwangu nikichagua kunde. Wanachama walikaa kwenye viti na madebe yaliyopinduliwa, askari kwenye kigoda chake, na mjane peke yake upande wa pili, ameweka mikono mapajani kama mtu anayepigwa picha. Katibu alisimama akasema shitaka: kwamba mama huyu, akijua azimio, aliingia kwa mwenye ploti, akasema naye, akala pilau lake. Adhabu ni kufukuzwa chamani.

"Unakubali au unakataa?" mwenyekiti akauliza.

"Kuingia niliingia," mjane akasema. "Kusema naye sikusema. Mdomo ulikuwa umejaa."

Watu walicheka. Mwenyekiti alisubiri wamalize, kisha akasema kwamba hilo la kula bado linahitaji shahidi, kwa sababu huwezi kumhukumu mtu kwa mzaha wake mwenyewe. Hapo alikuwa akimtendea haki, na nadhani ndipo alipoharibu mambo.

"Nani alimwona akila?"

Wanaume walitazama viatu vyao. Kisha mume wangu, ambaye siku zote alitaka aonekane ni mtu wa msaada, akainua mkono.

"Mimi nilimwona akiingia," akasema.

"Ulikuwa wapi?"

"Nje."

"Nje ya wapi?"

"Nje kule. Karibu na sufuria."

Nilishika kunde zangu nikainamisha kichwa. Katibu alisema ushahidi huo haufai, kwa kuwa wanawake walikula ndani na wanaume uani, na mwanamume hawezi kuona mwanamke anakula nini ndani.

"Wewe ulijuaje kwamba wanaume walikula uani?" mwenyekiti akamwuliza.

Fundi viatu akainama kukagua soli ya kiatu chake. Sikuwahi kumwona amekosa kanuni ya kutaja.

Mwenyekiti alinigeukia mimi. "Mama, wewe ni mwanamke. Ulimwona?"

"Mimi sikwenda," nikasema. "Tena mimi si mwanachama, kwa hiyo nadhani siwezi kuulizwa." Mjane alinitazama kwa furaha kama mwalimu aliyepata mwanafunzi.

Mwenyekiti alisimama. Naweza kumwona hata sasa, mikono nyuma, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote kwenye jua lile. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wanachama, namwomba kila mmoja ambaye hakula pilau la arusi ile asimame."

Hakuna aliyesimama. Yeye alikuwa amesimama tayari. Alizungusha macho, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyefikiwa akapata jambo la kufanya na kofia yake. Mmoja akasema yeye alibeba kuni tu, wakamlazimisha kula. Mwingine akasema alidhani azimio linahusu chakula cha kawaida, si cha arusi. Mwenyekiti hakuwakaripia.

"Basi wote mmefukuzwa," akasema.

Katibu akainua mkono. Hapakuwa na mtu wa kumwunga, lakini akaendelea. Alisema kumfukuza mwanachama kunahitaji kura za wanachama, na mshitakiwa hapigi kura, kwa hiyo anayeweza kupiga kura ni mwenyekiti peke yake, naye peke yake si kikao.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hatujafukuzwa. Lakini pia hatuwezi kuendelea, kwa sababu sisi ni washitakiwa."

Mtu akapendekeza askari apige kura, kwa kuwa yeye si mshitakiwa. Askari alitikisa kichwa, akasema amekatazwa kuingia siasa. Kisha akaongeza, akitazama rungu lake, kwamba hata yeye alipewa sahani, na aliirudisha ili iongezwe.

Kelele zilizofuata zilisikika ng'ambo ya ukuta. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, na mwenye ploti mwenyewe akaingia uwanjani, kanzu na kofia, tasbihi mkononi, uso wa wasiwasi.

"Jamani, kuna msiba?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Azimio lilikuwa bado liko, na watu waliokuwa wametoka kuungama wakaona huu si wakati wa kuongeza kosa. Mzee alitutazama sote, akageuka kwa mjane.

"Mama, wana nini hawa?"

"Wanakususia," mjane akasema. Yeye hakuwa na cha kupoteza.

"Wananisusia? Tangu lini?"

"Tangu kabla ya arusi."

Mzee alishangaa kweli. Alisema hakujua, maana walikuja wote, wakala vizuri, mmoja akabeba na kuni. Akauliza amekosa nini. Hapo mwenyekiti akashindwa kuvumilia, azimio au si azimio.

"Nilikuja dukani kwako," akasema. "Nilikwambia usipotengeneza choo, sisi tutachukua hatua. Ukasema, 'Chukueni, ndugu yangu, hata leo.' Hiyo si dharau?"

"Dharau gani?" mzee akasema. "Mimi nikadhani mnakwenda kupima. Shimo si hupimwa kwa hatua? Nimemwambia mchimbaji asubiri, wapangaji wenyewe watachukua hatua, wachague pa kuchimba. Kila siku namwona yuko pale dukani anasubiri, anakunywa chai yangu. Nikasema hawa watu hawana haraka."

Siku zile Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya ofisi, na mwenyekiti alikuwa ameona madai rasmi hayawezi kusemwa kwa Kikamba, ambacho wote wawili walikijua tangu utotoni. Alikaa chini kwenye debe. Niliona mabega yake yanatikisika, nikaogopa analia. Alikuwa anacheka, bila sauti, kama mtu ambaye hajazoea. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka, nasi wengine tukamwacha acheke.

Asubuhi yake mchimbaji aliletwa, na mabishano yakaanza upya: hatua za nani? Mwenye ploti alipendekeza mjane, mwenye miguu mifupi. Chama kikasema mwenyekiti. Mwenyekiti alipanua miguu kwa ajili ya wapangaji mpaka suruali ya kazi ikatoa sauti, na mjane akatembea nyuma yake kuhakikisha hapunguzi.

Pa kuchimba palileta shida kubwa zaidi, kwa sababu hakuna aliyetaka choo karibu na mlango wake, na wake za watu walisema hapa hawanyamazi, wao ndio wanaopeleka watoto usiku. Mjane alitoa hoja kwamba kila mtu mzima wa ploti awe mwanachama. Wanaume waliotoka kuponea kufukuzwa hawakuwa na nguvu za kukataa. Kwa hiyo kura yangu ya kwanza maishani niliipiga juu ya mahali pa choo, na nilishinda: kilichimbwa kule nyuma, karibu na ukuta wa mwenye ploti. Kusema kweli, naye alikubali bila kinyongo, ila alipanda mikwaju hapo katikati.

Mwenyekiti alijiuzulu, akisema hakuweza kutunza nidhamu. Tulimchagua tena siku hiyo hiyo, kwa sababu ndiye peke yake tuliyejua hatatudanganya. Mjane alipewa kazi ya kusimamia nidhamu. Hakumshitaki mtu yeyote, lakini ukikosa kufagia choo zamu yako ulimkuta amekaa kwenye kizingiti chako, akinusa ugoro wake polepole, hasemi kitu, mpaka ukachukua ufagio.

Tulihama wakati mume wangu alipopelekwa upande wa Ikutha. Lori lilikuja asubuhi, na wapangaji wakatusaidia kupakia. Mwenyekiti alinijia nikiwa nahangaika na meza, akaniuliza kama nimeandika barua ya kujiuzulu chamani. Nikamwambia sikuandika, najiuzulu kwa mdomo. Alifikiri kidogo, akasema kanuni haikatazi, kisha akashika upande wa pili wa meza.