Posa ya watu wa Dubai: kampuni ya maziwa ya ngamia ilivyouzwa midomoni mwetu, Ruwi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Humu mimi ni wa kusoma tu, kuandika ni nadra. Lakini wiki hii nimeona nyuzi mbili za vijana wanaouliza kama wauze kiwanja wanunue hisa za kampuni "inayosemekana" itanunuliwa na wakubwa. Nimeshindwa kunyamaza.

Ninayoeleza yalitokea Maskati, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwepo. Pale nisipokuwepo nitasema sikuwepo. Majina nimebadilisha, na kampuni siitaji, kwa sababu haikufanya kosa lolote. Makosa yote yalikuwa yetu.

Kwanza mnijue. Nilikuwa mtunza stoo ya vipuri katika idara moja ya serikali. Shule niliachia njiani, Unguja, kabla hatujahamia huku. Mambo ya hisa nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi na ripoti za mwaka za kampuni, ambazo wakati ule ukizipitia ofisini kwao wanakupa bure. Nilikuwa nasoma ukurasa kwa ukurasa, na neno nisilolijua silivuki.

Tulikuwa tunakaa Hamriya, fleti ya kupanga, mimi, mke wangu Zainab na watoto. Serikali ilikuwa imenipa kiwanja upande wa Sib. Mdogo wake Zainab, Nassor, naye alipata, na kwa bahati viwanja vikawa vinapakana. Mpango ulikuwa tujenge ubavu kwa ubavu, tuweke mlango katikati ya ukuta ili watoto wapite.

Viwanja hivyo ndivyo habari yenyewe. Vishikeni.

Sasa, soko la hisa.

Miaka ile Ruwi, mtaa wa biashara wa Maskati, nzima ilikuwa homa. Ukiingia ofisi ya broka unakuta watu wamesimama mpaka mlangoni, macho kwenye skrini: Waarabu wa bara, Wabaluchi, Wahindi, na sisi wa Kiswahili tumejikusanya pembeni karibu na birika la chai. Watu walikuwa wanatoka kazini saa ya kazi kuja kutazama bei. Mimi mwenyewe nilikuwa nikikaa stoo, mguu unatikisika chini ya meza.

Sisi wa pembeni tulikuwa na siri yetu: lugha. Lakini Kiswahili Maskati si siri kamili, huwezi kujua nani kazaliwa Tabora au nani bibi yake wa Pemba. Kwa hiyo tukatunga maneno ndani ya maneno.

Aliyeanza ni Mzee Hemedi, polisi mstaafu, mtu wa mzaha. Kampuni inayotazamiwa kununuliwa akaiita mwari. Takeover, yaani kununuliwa kwenyewe, ikawa posa. Bei ikawa mahari. Kampuni ikikaa kimya haitoi taarifa, tunasema "yumo ndani".

Hapa wakuu nisimame kidogo, maana uzi wote umekaa juu ya herufi moja.

Kwa Kiswahili kampuni ni "i". Kampuni inauzwa, kampuni imenunuliwa. Msichana ni "a". Sisi tulipoificha kampuni ndani ya mwari, tukaanza kusema "ameposwa", "kwao hawajajibu", "anatakiwa na wawili". Tulisema hivyo miezi mingi, mpaka masikio yetu yakasahau kwamba "a" ile ilikuwa ya mzaha.

Mwari wetu mkubwa alikuwa kampuni ndogo ya maziwa maalumu. Shamba lao lilikuwa nje ya Barka, wanakamua ngamia na mbuzi, maziwa yanakwenda kwa wagonjwa na watoto ambao tumbo linakataa maziwa ya ng'ombe. Bidhaa nzuri, kampuni safi, faida nyembamba. Uvumi ulikuwa kwamba wakubwa wa maziwa wa nchi jirani wanaitaka.

Mhasibu wa kampuni hiyo, Sheikh Seif, alikuwa mtu wetu wa Hamriya. Asili yake Unguja, tunasali msikiti mmoja. Mpole, haongei habari za kazi hata ukimbembeleza.

Siku moja Nassor akaja nyumbani anahema. Sikuwepo alikosikia, nasimulia alivyosimulia yeye. Alikuwa kwa kinyozi, Sheikh Seif akaingia na simu sikioni, anaongea Kiswahili kwa sauti ya chini: "Ndiyo, posa ya watu wa Dubai imefika. Tumewaambia wangoje, tuwaulizie kwanza. Jambo lenyewe mfunguo mosi, inshallah."

Mfunguo mosi, kwa msiojua, ni mwezi unaofuata Ramadhani.

Nassor alikuwa hakai kitini. "Shemegi, mhasibu mwenyewe! Kwa kinywa chake!"

"Kasema kampuni?" nikamuuliza.

"Aseme kampuni mbele ya kinyozi? Kasema posa. Neno letu hilo."

Hapo mngetegemea mimi mwenye kamusi nijiulize: Sheikh Seif neno letu kalijulia wapi? Hakuwahi kukaa kwenye birika letu. Sikujiuliza. Nilisema moyoni, limeshaenea.

Siku chache baadaye nilisikia kwa masikio yangu. Tumetoka msikitini baada ya alasiri, Nassor akamfuata Sheikh Seif kwenye viatu.

"Sheikh, ile habari ya Dubai, kheri?"

Sheikh Seif akatazama nyuma. "Nani kakwambia?"

"Macho hayana pazia, na masikio vivyo hivyo."

"Basi usiitangaze. Watu wana hasadi."

"Mmekubali?"

"Tunaelekea. Sharti letu moja tu, abaki Maskati. Hatutaki ahamishiwe Dubai."

"Na mahari?"

"Hilo halina mvutano. Wenyewe ni watu wepesi."

Nassor akasogea. "Watatoa taslimu, au kwa hisa?"

Sheikh Seif akatikisa kichwa. "Nassor, una mzaha na wewe." Akavaa viatu, akaenda zake.

Ndani ya gari Nassor alikuwa anapiga usukani. "Umesikia? Makao makuu yasihamishwe! Na nilipomgusa kwenye hisa kakwepa. Mtu wa ndani hawezi kujibu hilo, ni sheria."

Wiki ile ile bei ikaanza kupanda. Siwezi kusema ni sisi tu, lakini Nassor alimdokezea Hemedi, akamwambia asimwambie mtu, na Hemedi ana watu wengi.

Nassor akapata mnunuzi wa viwanja vyetu, tupate pesa ya kununulia hisa. Mfanyabiashara, anataka vyote viwili pamoja ajenge jengo moja kubwa. Vyote viwili analipa vizuri. Kimoja peke yake, bei inaanguka. Miadi ikawekwa Jumamosi asubuhi, tukaandikishane.

Zainab aliposikia hakupiga kelele. Alikuwa anakunja nguo. "Nyumba nimeshaipanga kichwani," alisema. "Jiko linatazama kaskazini. Sasa nipikie ndani ya karatasi za hisa?"

"Tutanunua kiwanja kikubwa zaidi," nikamwambia.

"Wewe mwenyewe unaamini?"

Nikatoka nje. Siku zile nilikuwa siamini wala sikatai. Nakula huku nimesimama. Nakwenda kwenye gari, nakaa, nashuka, narudi ndani. Napiga simu kwa broka kuuliza bei ya kitu ambacho sina hata hisa moja. Kila ikipanda nahisi kama mtu ananichotea changu.

Ijumaa nikatoa ripoti ya mwaka ya kampuni ile, nikaisoma upya. Nikafika kwenye orodha ya mali. Shamba, mifugo, mitambo ya kuchemshia, magari ya baridi. Ofisi ya Maskati ilikuwa vyumba vya kupanga.

Nikarudi kwenye lile sharti. Abaki Maskati. Nani atakataa mamilioni kwa ajili ya vyumba viwili vya kupanga? Ngamia wenyewe wako Barka.

Kisha ndipo nikaisikia ile herufi. *Abaki. Ahamishiwe.* Mtu ambaye hajui mzaha wetu, akizungumzia kampuni, angesema ibaki.

Nikavaa kanzu nikaenda kwa Sheikh Seif, hata sikupiga simu. Nilimkuta anashusha viti vya kukodi kwenye pikapu. Nikasalimu, nikamwambia: "Sheikh, nnakuuliza kwa maneno ya wazi, na kama huwezi kujibu usijibu. Kampuni ya maziwa inauzwa?"

"Kampuni gani?"

"Yako. Si watu wa Dubai wametoa posa?"

Aliweka kiti chini. Akakaa juu yake palepale barabarani.

"Subhanallah," akasema. "Mie naoza mtoto."

Mabega yakaanza kumtikisika. Kucheka kwake hakuna sauti. "Ndiyo maana watu wananiulizia kila sala. Nikasema, Hamriya hii watu wamekuwa na huruma na mwanangu. Na yule shemegi yako ananiuliza mahari ya binti yangu yatalipwa kwa hisa!"

Nilimwomba radhi. Akanishika mkono, uso umerudi kuwa wa mhasibu. "Habari za kampuni sikwambii, za kuuzwa wala za kutouzwa. Lakini hii ya Dubai ni ya nyumbani kwangu. Na wewe uje ule pilau."

Wakuu, nilidhani nikishaujua ukweli kazi imekwisha. Kumbe ndiyo imeanza.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Nassor. Nilimweleza neno kwa neno. Alinisikiliza, kisha akatabasamu kama mtu anayemhurumia mtoto.

"Na wewe umeamini?"

"Nimeona viti, Nassor."

"Mtu wa ndani ulitaka akwambie nini? Ulimbana, kakutolea harusi. Umesahau alivyosema? Za kuuzwa sikwambii. Basi si kakwambia!"

"Binti anaolewa."

"Aolewe. Binti akiolewa kampuni haiuzwi?"

Mpaka leo naliona ni swali zuri.

Jumamosi sikwenda kwenye miadi. Mnunuzi akashusha bei ya kiwanja kimoja. Nassor akauza hivyo hivyo, akatia pesa zote kwenye hisa za maziwa. Akaacha kunisemesha. Kwa Zainab alituma maneno: "Mwambie mumeo, woga wake mie ndiye niliyeulipia."

Ofisini kwa broka nikawaambia wote wa pembeni, kwa sauti, bila fumbo. Hemedi akacheka mpaka akakohoa, kisha akanunua nyingine. "Posa ya kweli au ya uongo," alisema, "mahari si yanapanda?"

Na yalipanda. Hapa ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Mtu mwenye habari ya kweli, amekaa na kiwanja cha mchanga, anatazama wenye habari ya uongo wanatajirika kila siku. Nikaanza kuwaza: basi ninunue nami, nikijua ni uongo, nitoke kabla hawajajua.

Nikamwonyesha Zainab hesabu hiyo kwenye karatasi. Akaniuliza jambo moja tu. "Siku ya kutoka, utamuuzia nani? Nassor?"

Nikaikunja ile karatasi ya hesabu.

Harusi ilifungwa mfunguo mosi kama ilivyosemwa. Wa pembeni wote tulikuwepo, kahawa na halwa mbele yetu. Bwana harusi mpole, kazi yake forodhani. Hemedi akawatazama wageni wa Dubai mmoja mmoja, akaninong'oneza: "Hawa hata ngamia mmoja hawawezi kumnunua." Nassor alikaa safu ya mwisho. Bado alikuwa anangoja tangazo.

Tangazo halikuja. Baadaye soko zima likaporomoka, sio maziwa peke yake, na waliokuwa wanasimama mpaka mlangoni wakawa hawapiti hata barabara ile. Kampuni iliendelea kukamua ngamia wake. Miaka ya elfu mbili ikanunuliwa kweli, kimya kimya, kwa bei ambayo haikumfurahisha mtu. Nassor alikuwa ameshauza hisa zake za mwisho ili alipe ada za shule.

Sisi tulijenga polepole. Nilipochora ramani Zainab aliongeza chini vyumba vitatu na choo chake, hakuniambia ni vya nani na sikumuuliza. Nassor na familia yake wamo humo mpaka leo. Hakuna aliyewahi kuitaja Jumamosi ile.

Dirisha la chumba chake linatazama kiwanja kilichokuwa chake. Mwenye nacho amejenga jengo refu, limetufunika jua la asubuhi. Mwaka tuliohamia Zainab alitaka dirisha lizibwe, lifunguliwe upande mwingine. Nassor akasema, "Liache dada. Nimeshalizoea."

Somo langu, wakuu, si kwamba hisa ni mbaya. Nnazo mpaka sasa. Somo ni kwamba mkishajitungia lugha yenu ya ndani, hamtasikia tena mtu anaposema jambo lake la kawaida, mtasikia mnalolitaka. Na ukishatia nyumba yako kwenye uvumi, hata ukweli ukiletewa mlangoni utauona ni mbinu.

Wale vijana wawili wa viwanja: nendeni mkamuulize mhusika kwa maneno ya wazi, tena kabla hamjauza. Mkitaka niwaelekeze ripoti ya mwaka inasomwaje, ulizeni hapa chini, nitajibu kila mmoja. Na wenye kuona kwamba Nassor alikuwa na haki katika lile swali lake, nao waseme. Sijalimaliza kichwani.