Mapazia ya Nang Ising

Kama umewahi kuvuka kutoka kisiwani kwetu wakati wa mvua ukafika ng'ambo nguo kavu, mshukuru Nang Ising. Nang ni dada mkubwa. Hapa kwetu humwiti mwanamke aliyekuzidi umri kwa jina tupu ukasalimika. Yeye ndiye anayeshona mapazia ya turubai ya bluu yanayoteremshwa kando za boti. Cherehani yake iko barazani karibu na gati, jirani na meza yangu ya mayai ya kuchemsha na wali wa kufungwa kwenye majani ya mnazi. Nimekuwa jirani yake tangu enzi nilipokuwa na kiuno.

Zamani alishona mishono miwilimiwili, akajisifu kwamba hata nyati hapasui. Ikawa kweli. Upepo wa ghafla uliipindua boti moja karibu tu na gati, sote tunatazama. Waliokuwa wamekaa nje wakaogelea. Waliokuwa ndani wakakuta mapazia yamefungwa kamba kwa nje, na turubai halikupasuka. Binti yake Marivic alikuwa ndani, jaketi la kujiokoa amelivaa vizuri kama alivyofundishwa. Mimi nilimsaidia Nang kumvika nguo za mazishi, na sitaki kusema zaidi.

Watu walidhani ataacha kushona. Aache ale nini? Na akiacha yeye, washonaji wapo tele. Alichobadilisha ni kitu kimoja: kila pazia sasa hulitia utepe mwekundu kwa ndani, ukiuvuta pazia lote linaachia na kuanguka. Mabaharia huukata siku hiyohiyo.

"Watoto wanauchezea, Nang," Dodong, nahodha wa boti ya asubuhi, humwambia. "Abiria wakilowa, matusi ni yangu."

Dodong si mtu mbaya, ndiyo maana inaniudhi zaidi. Angekuwa mbaya ningejua pa kumtemea mate.

Sasa huyu Tomek. Kijana wa Kipolandi, mrefu kupita milango yetu, mgongoni begi kama amehama na kabati. Alipanga chumba cha Marivic kwa sababu kilikuwa rahisi kuliko vyote kisiwani; angepata cha bure angehamia hicho. Alikula samaki wakavu bila kukunja uso, akamshikia Nang turubai anaposhona, akajifunza kumwita mama. Mimi nikamtania Nang kwamba amezaa uzeeni. Hakukataa.

Siku ya kuondoka, wingu lilikuwa limeshakaa upande wa kusini.

"Panda meli ya chuma," Nang akamwambia.

"Mama, kwa nauli ile nalala siku tatu."

"Nitakulipia mimi."

Akacheka, akamkumbatia. Kijana mwenye adabu hawezi kuchukua hela ya bibi mshona turubai. Na adabu hiyo, jamani, ilinichoma, maana nilijua ingempeleka wapi.

"Basi nisikilize," Nang akasema, amemshika mkono. "Kaa nyuma, ukingoni. Usikubali kusukumwa katikati. Jaketi vaa, lakini jaketi halikutoi chini ya pazia, linakubana humo humo. Pazia la upande wako lisishuke. Likishuka, kata."

Akampa kisu chake kidogo cha kukatia nyuzi, kile ambacho hata mimi jirani hajawahi kuniazima.

Kisu kilifika hadi langoni. Mlinzi pale ni mpwa wangu Rodel, akakitoa mfukoni mwa Tomek na kukitupa kwenye boksi la mikasi.

"Kitu cha makali hakipandi botini, Nang."

"Rodel, huyo ni kama mwanangu."

"Hata angekuwa wangu. Ni kwa usalama."

"Usalama wa nani?"

"Wa abiria," Rodel akajibu, na masikini hakuwa anatania.

Nilikuwa botini na beseni langu la mayai, nikiwauzia abiria, mvua ilipoanza. Mapazia yakashuka moja baada ya jingine, mabaharia wakiyafunga kwa nje. Utepe mwekundu sikuuona hata mmoja. Tomek alikuwa nyuma, ukingoni, ameshikilia lake juu kwa mikono miwili.

"We kaka mrefu, shusha hilo," mama mmoja akamwambia. "Mtoto analowa."

"Mama amesema nisishushe."

"Mama yako ndiye anayelowa hapa?"

Boti nzima ikacheka. Tomek akanitazama mimi. Na mimi nikamtazama yule mtoto, mchanga kabisa, anatetemeka midomo. Ungesema nini? Injini ikawaka, nikarukia gatini na beseni langu.

Nang alikuwa amesimama kwenye mvua. Tukaona mikono ya Tomek ikishuka, kisha pazia. Nang akamwita Dodong. Akaita tena mpaka sauti ikakatika. Injini zile hazisikii mtu. Boti ikaingia kwenye mvua, ikapotea.

Nikamkalisha kwenye kigoda changu. Hakulia wala hakuomba, alishika tu ukingo wa meza yangu, na meza ikawa inatikisika mayai yanagongana. Nami niliogopa. Nikamenya yai nikamwekea mbele, akaliacha likapoa.

Simu yake ilipolia alinisukumia mimi. Ilikuwa picha: Tomek yuko ng'ambo, amembeba yule mtoto, meno yote nje. Chini ameandika, nami nikamsomea:

"Mama, nimefika. Mvua kubwa sana lakini hata tone halikuingia. Mapazia yako ni mazuri mno."

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Akachukua simu, akaitazama ile picha, akaifuta maji kwa upindo wa gauni. Kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Dodong aliporudi jioni alipitia barazani, amefurahi.

"Nang, leo umesifiwa na boti nzima. Nahodha mmoja wa ng'ambo anataka kama yaleyale, pande zote mbili. Ila kasema utepe usijisumbue nao."

Nang hakuinua kichwa. Utepe mwekundu ulikuwa umeshapita chini ya sindano.