Siku Jino Lilipoacha Kuuma

Jino langu lilipona nikiwa nimekaa kwenye benchi la kliniki ya meno.

Hakuna aliyenigusa. Sikupewa hata kidonge. Nilikuwa nimeshika shavu, machozi yananilengalenga, mara maumivu yakakatika kama umeme.

Nikasubiri yarudi. Wapi.

Nikaligusa jino kwa ulimi, kimya. Nikauma meno taratibu, kimya.

Nikainuka, nikamwachia nafasi mama aliyekuwa nyuma yangu, nikaondoka zangu. Nilijiona mjanja, nimemkwepa daktari na sindano yake. Njiani nilikuwa naimba.

Jamani, ule wimbo nimeulipia.

Mimi ni fundi cherehani. Pale kazini mafundi tuko kadhaa ila mkasi wenye makali umebaki mmoja, mwingine ulipotea, na huo siku zote uko meza ya mwenzako. Basi uzi tunaukata kwa meno. Tunataniana kwamba mkasi hupotea, meno hayapotei. Uzi wa shati naukata kwa meno ya mbele. Uzi mnene wa jinzi na mabegi nausukuma nyuma kwenye magego, nautafuna mpaka uachie.

Sasa gego langu moja la chini lilikuwa na tundu. Nililijua. Chakula kikikwama nalichokonoa kwa sindano, maisha yanaendelea. Siku moja nakata uzi wa begi, nikasikia ka! Uzi ukatoka na kipande cha jino.

Kilichofuata, wee acha tu. Nililala nimekaa. Nilibandika karafuu, nikasukutua maji ya chumvi, nikameza vidonge vya maumivu kama karanga.

Nyumbani kwangu daktari ni mama mkwe. Tunaishi naye, na nampenda, naomba hilo lieleweke kabisa kabla sijaendelea. Dawa yake ya kila kitu ni kitambaa kilichochovywa maji ya moto. Kwa meno alikuwa na msimamo mkali: daktari aking'oa moja, yaliyobaki yanalegea kwa huzuni. Alinikanda shavu asubuhi na jioni, akaniambia hata yeye kitambaa ndicho kimemtunza.

Kwa hiyo niliporudi kutoka kliniki nikicheka, aliniambia, "Si nilikwambia?"

Siku chache nikala, nikalala, nikashona.

Halafu asubuhi moja nikaamka shingo imekaza. Chini ya kidevu pamevimba, pagumu kama ubao. Ulimi ulikuwa umeinuliwa, kana kwamba kuna mtu anausukuma kutoka chini. Nilijaribu kumeza mate, yakagoma. Yakaanza kunitoka tu, mtu mzima na udenda wangu.

Nikataka kumwambia mume wangu anipeleke hospitali. Kikatoka kitu kama mlio wa mtoto mchanga.

Mdomo haukufunguka.

Hapo ndipo nilipojua nini maana ya kushindwa. Sebule ilijaa watu. Mama mkwe alisema ni uchafu unatafuta pa kutokea, kitambaa cha moto kitauivisha. Jirani akasema matubwitubwi hayo, mwanawe yalimkamata hivyo hivyo. Fundi mwenzangu alikuwa amekuja kuchukua kazi zake, naye akashauri tupasue kwa sindano, na sindano anayo. Mume wangu ni dereva wa lori, mtu wa kuamua mambo upesi barabarani, lakini mbele ya mama yake huwa abiria. Alisimama tu akimtazama kila anayeongea.

Wote walinizungumzia mimi. Hakuna aliyezungumza na mimi.

Na pumzi ilikuwa inapungua. Nikilala chali inakata kabisa, kwa hiyo nilikaa nimeinamia mbele, naivuta kwa mabega. Mama mkwe akawa ananilaza kwa upendo ili anikande vizuri. Nainuka, ananilaza. Nainuka, ananilaza. Nilitaka kulia, nikaogopa kwamba hata kilio kitaniziba.

Kwenye kiti kando yangu kulikuwa na kitambaa cha suti ya mteja, nilikuwa nimeleta kazi nyumbani. Na chaki ya kuchorea nguo ilikuwa juu yake. Nikaivuta ile nguo, nikaandika kwa herufi kubwa: SIPUMUI.

Mama mkwe akashtuka. "Mwanangu, hiyo ni nguo ya watu."

Mume wangu ndiye aliyesoma. Akaacha kumtazama mama yake. Alinibeba kama nilivyokuwa, na udenda wangu, akatoka mbio bila viatu.

Hospitali daktari alinitazama mara moja tu, akaanza kuita watu. Nilimsikia akimwambia mume wangu, "Usaha wa jino umeshuka chini ya ulimi, unaziba njia ya hewa. Tukichelewa hapa, hatutakuwa na mtu wa kumtibu."

Kisha sikumbuki.

Nilizinduka nikiwa na tundu shingoni na bomba ndani yake. Napumulia hapo. Jino halipo. Na sauti haipo, hata ile ya mtoto mchanga.

Daktari wa meno alikuja kunieleza, mpole, anaongea polepole. Akasema jino langu halikupona pale kwenye benchi. Lilikufa. Mshipa wa fahamu ulio ndani ulioza, ndiyo maana maumivu yakakatika, lakini uozo wenyewe uliendelea kushuka chini ya taya kimyakimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wangu ulikuwa huo.

Sasa niwaambie kitu kuhusu kuwa bubu wodini.

Watu wanatubu kwako.

Sijui ni kwa nini. Labda ukiona mtu hawezi kujibu, unamwona kama ukuta wenye macho. Jirani alikiri kwamba alikuwa akinisema kwa wateja wangu. Fundi mwenzangu alikiri kwamba ule mkasi mzuri mwingine uliopotea uko kwake. Niliwatazama tu. Ningefanya nini?

Mama mkwe ndiye aliyekuwa akinihudumia. Alinifuta uso, alininyoosha shuka, hakuondoka. Mchana mmoja wodi imetulia, alivuta kiti karibu akanishika mkono ule usio na dripu.

"Nakwambia wewe kwa sababu huwezi kumwambia mtu," alisema.

Nikadhani ataniomba radhi kwa ajili ya kitambaa.

Akasema na yeye ana jino la hivyo. Miaka mingi. Liliuma, likaacha lenyewe. Tangu hapo ana kijipu kwenye fizi, kinajaa, kinapasuka, anasikia chumvichumvi mdomoni, anatema, kinatulia. Anakikanda. Haliumi hata kidogo.

"Ila wiki hii hakijapasuka," alisema. Akakichukua kidole changu akakiweka chini ya taya lake.

Pagumu kama ubao.

Mama mkwe ana sukari. Nilikuwa nimemsikia daktari akisema mwenye sukari usaha unamwendea mbio kuliko mwingine yeyote. Nikajaribu kupiga kelele. Bomba likatoa upepo, fyuu, basi. Nikamkaba mkono, nikamwonyesha mlango, nikamwonyesha shingo yangu. Alijua namaanisha nini. Nikanyoosha mkono kuchukua kalamu niliyopewa na nesi, akaiwahi, akaitia kwenye pochi yake.

"Mimi si wa kutobolewa," alisema. "Usimwambie mwanangu."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini pale kilikuwa kinamjia yeye taratibu, ameketi, ananifuta jasho, na mimi niliyekuwa nakiona sikuwa na hata herufi moja ya kumzuia. Nilipomwita nesi kwa kupiga chuma cha kitanda, alifikiri nina kikohozi. Akanisafisha bomba akaenda zake. Nililia mpaka mto ukalowa, na mama mkwe akanifuta na machozi hayo pia.

Jioni daktari akapita na mume wangu nyuma yake. Akasema uvimbe wangu umepungua, anataka kujaribu sauti. Ataziba bomba kwa kidole, kidogo tu, hewa ipite juu, na mimi niseme jina langu.

Mama mkwe alikuwa miguuni pa kitanda. Akanitazama, akatikisa kichwa polepole.

Nilimwelewa. Huyu ndiye aliyenipokea nikiwa mke mgeni, aliyewapakata wanangu. Alikuwa amenipa siri, na kwa wanawake wa nyumba moja siri si kitu cha kuchezea.

Daktari akaweka kidole. "Sema jina lako, dada."

Sauti ilitoka kama bawaba yenye kutu.

"Taya la mama," nikasema. "Mshikeni taya."

Mume wangu akageuka. Daktari akamwendea mama mkwe, akampapasa chini ya kidevu, na uso wake ukabadilika. Hakumuuliza kama anataka.

Jioni hiyo hiyo alipasuliwa, jino likang'olewa. Sukari ilikuwa imepanda kupita kiasi. Usaha ulikutwa umeanza kushuka, ila koo lilikuwa bado wazi. Daktari alimwambia mume wangu kwamba wangemleta kesho, lugha ingekuwa nyingine.

Kitanda kilichokuwa wazi ni cha jirani na changu. Wakamlaza hapo. Alipozinduka akaniona, akageukia ukutani.

Hajanisamehe mpaka leo. Tunaishi nyumba moja, anapitisha maneno kwa wajukuu: mwambieni mama yenu chakula tayari. Anasema nilimdhalilisha mbele ya mwanawe, na sibishani naye, kwa sababu ni kweli.

Ndugu zangu, jino likikuuma, nenda kwa daktari. Likiwa na tundu, nenda kabla halijauma. Lakini likiuma sana halafu likaacha lenyewe, hapo usiende kwa mguu, kimbia. Na wazee wenu waulizeni kuhusu meno yao, kisha msiamini wanachojibu, waambieni wafungue mdomo.

Mama mkwe yuko jikoni saa hizi, amenuna. Na anune tu. Kununa kunataka pumzi, na yeye anayo.