Ng'ombe Aliyeingia Mferejini

Mume wangu alipostaafu kazi ya kupima mashamba, binti yetu alituletea rangi za maji, tusije tukachokana kwa kuangaliana nyumbani. Tukawa tunaenda Jumamosi kwenye mfereji wa kumwagilia unaopita juu ya shamba letu, huku Kiirua.

Tulibishana tangu mwanzo. Yeye hagusi rangi kabla hajachora kila kitu kwa penseli: kingo, lango la maji, hata nyufa za saruji. Mimi hulowesha karatasi nikaiachia rangi itembee. Alisema picha zangu zinafanana na supu ya mboga. Nilimwambia zake zinangoja tu muhuri wa ofisi ya ardhi.

Jumamosi moja ng'ombe alikuja peke yake, akabomoa sehemu ya ukingo iliyo ya udongo, akaingia majini na kunywa. Ilikuwa marufuku. Mwenyekiti wa mradi wa maji alikuwa ametutangazia hivyo kanisani, kwa ukali kuliko mhubiri. Nilidondosha rangi ya kahawia kwenye karatasi, ng'ombe wangu akawa tayari. Mzee wangu alinung'unika kwamba mnyama hakuwa kwenye mpango wake, lakini mkono ulimwasha, naye akamchora: pembe ya kushoto iliyopinda chini, sikio lenye mkato, baka jeupe kwenye paji.

Ng'ombe alishiba, akaenda zake. Punde si punde mwenyekiti akatokea, amefura kwa hasira. Aliapa kwamba safari hii mwenye mnyama atakatiwa maji mbele ya watu wote, kisha akatuuliza kama tumemwona. Sikutaka kumchongea jirani yeyote, nikasema macho yangu yalikuwa kwenye kazi. Akainama juu ya picha yangu.

"Hii ya kahawia ni nini, mwalimu?"

"Jiwe," nikasema.

Akamgeukia mzee, ambaye maishani mwake hajawahi kudanganya kuhusu mpaka wala mti. Mzee akamkabidhi ubao wake wa kuchorea kwa fahari. Mwenyekiti aliutazama kwa muda mrefu. Kidole chake kikafuata ile pembe iliyopinda, kikafika kwenye sikio, kikasimama. Halafu akageuka kutazama boma lake mwenyewe, ng'ambo ya mfereji, ambako lango lilikuwa wazi.

"Mzee," akasema kwa upole, "si penseli inafutika?"

"Inafutika," mume wangu akajibu. "Lakini mimi sifuti. Napima mara moja."

Nilijifanya kukohoa, uso wangu nimeuficha ndani ya leso. Mwenyekiti alivua koti, akakunja suruali, akaanza kuziba ukingo kwa madongo. Sisi tukachukua karatasi mpya tukamchora, mzee kwa penseli kwanza, mimi kwa brashi moja kwa moja.

Alipomaliza alikuja kuzikagua zote mbili, matope yakimdondoka viwikoni. Akasema yangu ndiyo nzuri zaidi, kwa sababu hakuna atakayemtambua.