Sindano ya Asidi

Mjomba wangu alikuwa na kipaji kimoja: alijua kidogo juu ya kila kitu, na kidogo hicho kilitosha kumtia mtu kaburini. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nusura amtie mama.

Mama alikuwa na magoti mabovu. Kwa miezi mingi alitafuna vidonge vya maumivu vya dukani Mlandizi kama anayetafuna karanga, mara nyingi kabla hajatia kitu tumboni, maana unga wenyewe ulikuwa wa kupangia foleni. Kiungulia kilipomwanza akakituliza kwa maji ya magadi. Asubuhi moja akatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa, akaanguka mlangoni pa jiko. Tulimpakia kwenye lori la mkaa lililokuwa likipita, tukamfikisha hospitali, Kibaha.

Daktari alikuwa kijana mpole aliyechoka. Alinieleza vizuri. Tumbo la mama lilikuwa likitoa asidi kupita kiasi, na asidi hiyo ilikuwa imeula ukuta wa tumbo mpaka damu ikatoka. Kwa bahati ilikuwapo dawa mpya ya kulipunguzia tumbo asidi. Kwa kuwa alikuwa akitapika, vidonge visingekaa; angechomwa sindano kwenye mshipa, polepole. Damu isipokatika, angepasuliwa, na kwa damu kidogo aliyobaki nayo daktari hakutaka kufika huko.

Mimi nilielewa. Lakini kwetu kuelewa si ruhusa. Baba alikwisha fariki, na neno juu ya mama halikuwa langu mimi mwanawe; lilikuwa la kaka yake. Tukamwita mjomba kutoka Vihingo.

Alikuja na mwavuli, na ndugu wawili wa kumwitikia. Kijijini walimwita Fundi. Siku za ujamaa alikabidhiwa trekta la kijiji kwa sababu, nijuavyo mimi, ndiye pekee aliyekuwa na suruali ya kaki. Trekta lilikufa mikononi mwake msimu wa kwanza. Cheo kikabaki hai.

Hata hajakaa, sista akaingia na trei.

"Sogeeni kidogo, bibi anapata sindano yake ya asidi."

"Sindano ya nini?"

"Ya asidi, mzee."

Mjomba akasimama mbele ya kitanda, akatandaza mikono kama anayezuia mbuzi wasiingie shambani.

"Asidi naijua mimi! Nimeitia kwenye betri kwa mkono huu. Lilinidondokea tone moja tu, suruali ikabaki tundu. Imekula kaki, itauacha utumbo wa dada yangu?"

"Haiuachi," wakaitikia wale wawili.

"Mjomba, ni dawa ya kuipunguza asidi," nikasema. "Kwani dawa ya panya ina panya ndani?"

"Na dawa ya mwarobaini, mpwa wangu, ina nini ndani?"

Wale wawili walicheka mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Lugha yetu yenyewe, kwa kijineno kimoja, "ya", kisichojaza hata kinywa, ilikuwa imechukua upande wa mjinga.

"Mnasoma, mnasoma, mwisho mnatuletea habari za panya," akamalizia. "Tunaondoka naye. Kule kwetu yupo mtu wa chango."

Chango, kwao, ni jina la kila kinachouma chini ya kifua. Wakaanza kumwinua. Midomo ya mama ilikuwa myeupe kama ya aliyelamba chaki. Alipokalishwa tu, akatapika tena kwenye beseni, kile kile cheusi. Nikadhani sasa mtu ataona haya.

"Mnaona?" mjomba akasema. "Wameshamtia!"

Sista alisimama na sindano yake. Hakuweza kumchoma mtu kwa nguvu mbele ya jamaa zake. Mtu akamwita daktari. Nilitazamia aanze tena somo la asidi na kuta. Alimtazama mjomba kuanzia mwavuli hadi viatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nasikia umekataa sindano ya asidi."

"Nimekataa."

"Umefanya vizuri. Sista, hiyo irudishe. Mletee mama sindano ya kuzima."

"Ya kuzima nini?" mjomba akauliza.

"Moto wa tumbo, mzee."

Mjomba akafikiri kama hakimu, macho darini.

"Hiyo sawa. Si mngesema hivyo tangu mwanzo?"

Sista akatoka na trei. Alikaa nje ya mlango muda wa mtu kukohoa, akarudi na trei ile ile, sindano ile ile. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeushika mkono wa dada yake dawa ilipokuwa ikiingia, akimwambia, "Vumilia, hii ni yetu." Waliendelea kumchoma siku zilizofuata. Kutapika kulikoma, damu ikakatika, mama akaulizia uji.

Tulipomrudisha nyumbani majirani walijaa kumpa pole. Mjomba alikaa katikati ya mkeka akisimulia alivyowafumania madaktari wakitaka kumtia dada yake maji ya betri. Nilingoja mama amsahihishe.

"Kweli," mama akasema. "Bila kaka yangu nisingekuwa hapa."

Wakamshukuru Mungu, wakamshukuru na mjomba. Yeye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kuchefua.

Wageni walipopungua nikamwinamia mama.

"Mama, si ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho. Ile trei niliiona ikitoka, nikaiona ikirudi."

"Sasa mbona unamsifia?"

"Wewe Jumatatu unarudi zako Dar es Salaam," akasema taratibu. "Nikizidiwa tena, atakayeulizwa ni nani?"

Kisha akaniambia nimwongezee mjomba sukari kwenye chai, ile kidogo iliyokuwa imebaki.